Ini la Mtani

Kinu cha kukuzia dawa na viungo vya mwili kilikuwa kimoja, msimu ulikuwa mmoja, na waliokitaka walikuwa wa pande mbili. Festo Nyoni alitaka ini. Wajawazito elfu kumi na moja wa mkoa wa Luhira walihitaji sindano ya kukinga kifafa cha mimba. Ini likipikwa, sindano hakuna. Sindano zikipikwa, Festo anakufa.

Wilbard Kikoti alikuwa rafiki wa Festo kwa miaka thelathini, lakini Jumatano hiyo hakuingia kwenye ukumbi wa Baraza la Afya kama rafiki wa mtu. Aliingia kazini. Yeye, mwuza nyama wa soko la Luhira Mpya, Mhehe aliyehamia Ungonini akiwa kijana, ndiye aliyekuwa Mtani wa Baraza.

Cheo hicho hakikuwa mzaha. Zamani Baraza lilikuwa likiamua nani atibiwe na nani asubiri, linabandika tangazo mlangoni, na watu wakishalisoma wanarudi na mawe. Ofisi ilichomwa mara mbili. Kisha akaja Dokta Redempta Mapunda, mchumi wa afya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akawaambia madiwani kwamba hesabu ambayo watu hawaruhusiwi kuicheka, hawatakaa waiamini. Na kucheka huku kulikuwa na wenyewe. Wangoni na Wahehe walichinjana zamani, vita vikaisha, wakawa watani, na mtani hukutukana mpaka msibani kwako ukamwongezea pombe. Basi ikaandikwa katika sheria: uamuzi wa Baraza usipite mpaka Mtani asimame autukane mbele ya watu.

Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti, mzee Gaudensi Komba, alikuwa ameweka mezani ufunguo wa kinu, kipande cha shaba kirefu kama kiganja. Redempta alisimama bila karatasi.

"Mnajua ninavyopima," alisema. "Mwaka mmoja ambao mtu anaishi akiwa mzima, huo ni mmoja. Mwaka wa kuishi nusu kitandani, huo ni nusu. Ini la ndugu yetu Festo litampa miaka mizima tisa, pengine kumi na miwili. Sindano zitaupa mkoa miaka mizima elfu mbili, na hapo nimehesabu kwa ubahili. Nimewatoa wote ambao vidonge vya zamani vingewatosha. Nyongeza tunayowapa watu wa vijiji vya mbali sijaiweka. Sikuihitaji."

"Kinu hakiwezi kupika vyote viwili?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Ukitia mbegu mbili ndani ya chungu kimoja zinakulana. Siku tisini, kitu kimoja, kisha tunaosha. Na vinu vya mikoa mingine vina foleni zao. Nimeomba kote. Nimeomba mpaka nimeitwa ombaomba."

Komba akageuka na tusi la kawaida la Wangoni kwa Wahehe. "Haya, mla mbwa. Uwanja ni wako."

Kikoti akavuta suruali juu, akaenda mbele taratibu ili watu waanze kucheka kabla hajasema kitu.

"Wangoni," alisema. "Mlitoka kusini huko mkikimbia, mkachoka, mkaketi hapa mkasema tumefika. Nani aliwafundisha hesabu watu waliokuwa wakikimbia? Mlihesabu nini, visigino?"

Ukumbi ukalipuka.

"Huyu Redempta namjua. Akija buchani anaomba robo ya maini, anaipima kwa macho, anasema Kikoti, imepungua. Mwanamke anayelilia robo ya ini la ng'ombe, leo anamnyima Festo ini zima la mtu!"

Hata Redempta alicheka, akijifuta macho na upindo wa kitenge. Kikoti akawasha moto. Akamtukana Komba na meno yake. Akawatukana madiwani na matumbo yao, akasema kila tumbo pale lina mimba ya miezi mitano, basi wachomwe sindano wao. Na katikati ya vicheko hivyo alimwona Astrida, mke wa Festo, amesimama karibu na mlango. Astrida hakuwa anacheka.

Alichofanya baada ya hapo hakuwa amekipanga. Alivua kofia yake, akaifunika juu ya ufunguo wa kinu.

"Nimechukua," alisema.

Watu walicheka zaidi. Kisha vicheko vikaanza kufa, mstari kwa mstari, wazee kwanza. Kwa sababu mtani akichukua, amechukua. Akipita uani kwako akabeba jogoo, unacheka na kumsindikiza. Ukimnyang'anya umevunja utani, na hapa hakuna aliyekuwa tayari kurudisha vita vya mababu kwa ajili ya jogoo, wala kwa ajili ya kitu kingine chochote. Waliotunga sheria ya Baraza walifikiria mdomo wa Mtani. Mikono yake waliisahau.

Mzee Komba aliitazama ile kofia kama mtu aliyeona nyoka kitandani. "Dokta," alisema kwa sauti ndogo, "utani uliuleta wewe."

"Niliuleta mimi," Redempta alisema. "Basi ufunguo ni wake. Mbegu inatiwa Jumamosi asubuhi. Mpaka hapo Kikoti ndiye anayejua kinu kinapika nini."

Hakuinua sauti. Kikoti alitarajia hasira na alikuwa na majibu ya hasira tayari. Akauokota ufunguo pamoja na kofia, akatoka.

*

Kesho yake, kwa Festo kulichinjwa kuku. Festo alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, tumbo limejaa maji, macho ya njano kama papai bivu. Homa ya ini aliipata ujanani na ilikuwa imemla polepole, mtu aliyekuwa akifyatua matofali elfu kwa siku akiimba.

"Kamwene, mla mbwa!" alipiga kelele kwa salamu ya Kihehe kabla Kikoti hajafika. "Nimesikia umeiba!"

"Sikuiba. Nimechukua."

"Astrida, fungia mbwa ndani, mwizi amekuja!" Kisha akamshika mkono na hakuuachia. Mkono ulikuwa wa moto na mwepesi. "Mtani wangu. Mtani wangu kabisa. Nilikuwa nimeshamwonyesha mwanangu pa kunizika."

"Nyamaza, mzee, kula."

"Nikipata ini jipya nitakula hadi wewe." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Miaka kumi na miwili, Kikoti! Kahawa yangu mpya inaanza kuzaa mwaka kesho kutwa. Nitaichuma mwenyewe."

Kikoti alikula paja la kuku na lilikuwa tamu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliona amefanya jambo la kiume.

Gari la Baraza lilisimama nje ya uzio kabla hajanawa. Redempta alishuka, akapiga hodi, akamwamkia Festo kwa adabu. Uani hapo hakuwa mgeni. Jumapili alikuwa amekuja mwenyewe kumwambia Festo kwamba atapendekeza wapewe wengine. Alikaa kwenye kigoda mpaka jioni akitukanwa na Astrida, na hakuondoka mpaka Astrida alipochoka akampa uji. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, aliyojiwekea tangu alipoanza kazi: anayeamua kumnyima mtu, aende mlangoni kwake amwambie kwa mdomo wake.

"Leo umekuja kunyang'anya?" Festo alimwuliza.

"Hapana, baba. Kilichochukuliwa na mtani kimechukuliwa. Namfuata huyu." Akamgeukia Kikoti. "Aliyeamua ndiye anayekwenda mlangoni. Safari hii umeamua wewe. Gari lipo, dereva yupo. Tunaanza na Litowelo."

"Litowelo kuna nani?"

"Wajawazito kumi na watatu."

*

Litowelo iko mwisho wa barabara, karibu na mto wa mpakani. Walifika Ijumaa saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma. Njiani Kikoti alikuwa amejaribu utani wote aliokuwa nao, na Redempta aliujibu wote, mmoja baada ya mwingine, akamwambia hata kwamba tangu ahamie mtaa wao hakuna mbwa aliyewahi kuzeeka. Lakini walipofika mlango wa kwanza alirudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa binti aitwaye Osmunda, mimba ya kwanza, akitwanga. Kikoti alimwambia alivyofundishwa: mwezi wa tano wa mimba ulikuwa uje na sindano, sindano hiyo haitakuja msimu huu, kinu kimepewa kazi nyingine.

"Sawa, baba," alisema Osmunda, akaendelea kutwanga.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Huku huwa haviji."

Mlango wa pili mwenye nyumba alimshukuru kwa kuja. Alimshukuru! Akamletea maji ya kunywa na kiti. Kikoti alikunywa yale maji amesimama.

Mlango wa tatu alikuwapo mama mtu mzima kidogo, Imelda, ana watoto wanne wakikimbizana, mguu umemvimba. Huyo hakuitikia tu. Alisimama, akajishika kiuno.

"Kazi gani nyingine?"

"Kuna mgonjwa anapikiwa ini."

"Mgonjwa mmoja?"

"Mmoja."

"Ndugu yako?"

"Rafiki yangu."

Imelda alimwangalia juu mpaka chini, kisha akacheka, kicheko cha kweli, bila sumu. "Basi ni vizuri kuwa na rafiki," alisema. "Mimi rafiki yangu ni huyu mbuzi." Na akarudi kwenye kazi zake.

Mlango wa nne Kikoti alifika, akasema maneno nusu, akashindwa. Alitoka akaenda kusimama karibu na gari, akaegemeza mikono juu ya bati la moto. Redempta akamfuata.

"Mmalizaji wa watu wewe," Kikoti alimwambia. "Umenileta huku makusudi."

"Makusudi kabisa. Lakini bado ni chako. Ukisema ini, kesho natia mbegu ya ini kwa mikono yangu, na nitaipika vizuri. Festo nampenda."

"Hawa wote watakufa?"

"Hapana. Katika hawa kumi na watatu labda hafi hata mmoja. Katika mkoa mzima, bila sindano, msimu kama huu unaondoka na akina mama kumi na watatu, kumi na wanne. Na vichanga, sitini hivi. Sindano haizuii wote. Inazuia wengi."

"Basi niambie ni nani. Huyo wa mbuzi? Mguu wake umevimba. Ni yeye?"

"Sijui."

"Una mashine ya kukuza ini la mtu ndani ya chungu, na hujui?"

"Ningejua ni nani, Kikoti, ningewapikia hao watakaokufa dawa kwenye sufuria ndogo na kinu angepata Festo. Sijui. Hakuna anayejua. Wenyewe hawajui. Festo anajulikana, ana jina, ana mke anayelia mlangoni, unamwona. Hawa hawaonekani kwa sababu bado hawajaugua. Kazi yangu yote ni hiyo tu: kuhakikisha asiyeonekana anahesabiwa sawa na anayeonekana. Nikiacha, kila msimu kinu kitakwenda kwa mwenye rafiki."

Hakuyasema kama mtu anayehubiri. Alikuwa akikuna mahali alipoumwa na mbu kwenye kiwiko, na alikuwa amechoka. Kikoti alikumbuka habari ya Jumapili ile, mwanamke huyu kwenye kigoda, Astrida akimwita mchawi, na yeye akikaa. Kila msimu alikuwa akifanya hivyo. Kwenye kila msimu kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na mtu mwenye macho ya njano au mtoto asiyepumua vizuri, na huyu mwanamke mfupi alikwenda akabisha hodi, akarudi nyumbani, akalala, akaamka akahesabu tena. Kikoti alikuwa amebisha milango minne tu, na wa nne ulimshinda.

"Wewe unawezaje?" alimwuliza.

"Vibaya," alisema Redempta. "Ingia garini. Ikiwa ini, imebaki milango tisa; ikiwa sindano, hakuna. Sema wewe."

Kikoti alitazama kijiji. Mchi wa Osmunda bado ulikuwa unasikika.

"Hakuna," alisema.

*

Mtani akichukua, hanyang'anywi, lakini anaweza kurudisha. Ana namna yake: anarudisha kwa tusi, ili mwenyewe asije akadhani ameonewa huruma. Jumamosi asubuhi, mbele ya kinu, mafundi wakiwa wamevaa mavazi meupe na madiwani wamejipanga, Kikoti alimtupia mzee Komba ufunguo kifuani.

"Chukua takataka yako," alisema. "Nilidhani ni ya kufungulia ghala la mahindi. Mngoni gani ana kitu cha maana?"

Komba alicheka kama sheria inavyotaka. Wengine wakacheka. Redempta alitia mbegu ya sindano kupitia mdomo wa chungu, kijiko kimoja cha maji meupe kama maziwa, na kinu kikaanza kuunguruma kwa sauti ya mzinga wa nyuki. Kisha alimwendea Kikoti.

"Nitakwenda mimi kwa Festo."

"Hapana. Aliyeamua ndiye anayekwenda."

"Tuandamane basi."

"Hapana, mama. Kaa."

Festo alikuwa uani. Alimwona akija na alijua kabla hajafungua mdomo, maana Kikoti alikuja kimya, na kwa miaka thelathini hakuwahi kuingia uani hapo kimya.

Kikoti alimwambia. Alimwambia kwa mdomo wake, amesimama, hakuficha nyuma ya Baraza wala nyuma ya hesabu. Alisema: nilikuchukulia, na nimerudisha.

Festo alivuta blanketi magotini. Astrida, aliyekuwa akiosha vyombo, aliacha sahani majini.

"Mwaka ule ulichukua baiskeli yangu," Festo alisema mwishowe. "Ukairudisha haina breki."

"Ndiyo."

"Nikacheka."

"Ulicheka."

"Hii sicheki. Toka kwangu."

Kikoti alitoka. Astrida alimtupia maji ya vyombo mgongoni, na hakugeuka.

Siku nne alikaa buchani akikata nyama vibaya. Siku ya tano mtoto wa Festo alikuja akasema baba anaita. Kikoti alikwenda amevaa aproni yenye damu, hakuthubutu kupoteza muda wa kubadilisha. Festo sasa alikuwa amelala ndani, na chumba kilinuka dawa na jasho.

"Kaa," alisema. "Usinisogelee, unanuka mbwa." Kisha, "Hao wanawake. Uliwaona?"

"Niliwaona wanne."

"Walisemaje?"

"Mmoja alinishukuru. Mmoja alitwanga. Mmoja alinicheka. Alisema ni vizuri kuwa na rafiki."

Festo aliitafakari hiyo. Tumbo lake likaanza kutikisika chini ya blanketi, na Kikoti akadhani ni maumivu, kumbe ni kicheko, kikampeleka mpaka akashindwa kupumua na Astrida akaja kumwinua mabega.

"Angekujua," Festo alisema alipopata pumzi, "asingesema hivyo."

Tangu siku hiyo Kikoti alikwenda kila jioni baada ya kufunga bucha, na walitukanana mpaka Festo akawa hawezi tena kutukana. Kikoti akawa anatukana kwa niaba ya wote wawili. Redempta naye alikuja, Alhamisi kwa Alhamisi, na Astrida akamzoea. Baraza lilikaa likaandika upya sheria: Mtani atatukana, hatachukua. Kikoti alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Hesabu ya mwisho ni hii. Sindano zilikwenda kwa wanawake elfu kumi na moja na mia mbili. Kifafa cha mimba kiliua wanne msimu ule. Kilikuwa kimeua kumi na watatu msimu uliotangulia. Vichanga vilivyopotea kwa sababu yake vilikuwa kumi na saba, kutoka sitini na kimoja. Katika wanne hao mmoja alikuwa Osmunda wa Litowelo, aliyekuwa amechomwa sindano kama wengine. Redempta alikwenda mlangoni, na Kikoti alikwenda naye. Akina mama tisa wako hai ambao wasingekuwapo, na hakuna anayeweza kuwataja.

Festo Nyoni alikufa wiki ya kumi na tano, siku ya Jumanne, akiwa na miaka hamsini na minne. Ameacha mke, watoto watatu, tanuri moja la matofali lililobaki nusu, na miche mia mbili ya kahawa ambayo haijazaa. Miaka mizima tisa, pengine kumi na miwili. Kikoti aliingia kaburini kwanza, kama mtani anavyotakiwa, akalala humo chali akidai Festo amlipe ndipo ampishe, na watu walicheka, na hapakuwa na wa kumjibu.